Kama Msalaba Ulikuwa Mpango wa Mungu, Je, Yuda Alikosa?

Maandiko ya wiki: Matendo 2:22-24 na 36-41, Mwanzo 50:15-21



Kila mwaka tukikaribia Pasaka kuna swali ambalo hutokea katika darasa la Biblia, na mara nyingi wanaoliuliza ni vijana. Kama Mungu alipanga tangu mwanzo kwamba Yesu afe msalabani, Yuda alikosa nini? Si alifanya tu kazi iliyokuwa imeandikwa? Na Pilato je? Na Kayafa? Mwingine huongeza kwa utani, ati tungepaswa hata kumshukuru Yuda, kwa sababu bila yeye hatungeokoka. Watu wanacheka, mwalimu anaangalia saa, somo linaendelea.

Lakini swali hilo si la kuchekwa, kwa sababu sisi hulijibu kila wiki bila kujua. Tunalijibu matangani, tunapomwambia mama ambaye mtoto wake aligongwa na dereva mlevi kwamba huo ulikuwa mpango wa Mungu. Tunalijibu tunapomwambia mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake anyamaze, Mungu ana kusudi. Tunalijibu mtu aliyekula pesa za chama anaposimama kutoa ushuhuda kwamba Mungu alitumia mambo hayo yote kumfikisha alipo leo, na sisi tunaitikia amina. Ukikosea kwa Yuda, utakosea kwa hawa wote. Kwa hivyo tulichukue swali hili taratibu, Biblia ikiwa wazi mbele yetu.

Petro alisema yote mawili

Siku ya Pentekoste Petro alisimama Yerusalemu, mji uleule ambao Yesu alisulubiwa, na hazikuwa zimepita hata miezi miwili. Waliomsikiliza walikuwa na habari za msalaba, na wengine walikuwa wamepiga kelele mbele ya Pilato. Sasa soma Matendo 2:23. Katika mstari mmoja Petro anasema mambo mawili. La kwanza, kwamba Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa, na Mungu alijua tangu zamani. La pili, kwamba ninyi mlimwua, kwa mikono ya watu wabaya.

Hakusema, "Kwa kuwa Mungu alipanga, msijali." Wala hakusema, "Mliharibu mpango wa Mungu, ikabidi atafute mwingine." Alisema yote mawili bila kupunguza lolote. Na aliyajifunza kwa Bwana mwenyewe. Katika Luka 22:22, wakiwa mezani, Yesu alisema kwamba anakwenda kama ilivyokusudiwa, na papo hapo akatangaza ole kwa mtu yule anayemsaliti.

Baadaye kanisa la Yerusalemu lilipoomba, Matendo 4:27-28, lilitaja orodha ya waliohusika: Herode, Pilato, watu wa mataifa, na watu wa Israeli. Tuishike orodha hiyo. Huko Ulaya, kwa karne nyingi, kuna Wakristo waliowashambulia Wayahudi, hasa majira ya Pasaka, ati wao ndio waliomwua Bwana. Walisahau kwamba gavana alikuwa Mrumi, na waliopigilia misumari walikuwa askari wa Rumi. Mitume hawakuacha kabila lolote nje ya orodha ile ili lipate nafasi ya kuwanyoshea wengine kidole.

Kila mmoja alitaka lake

Hebu tuwaangalie mmoja mmoja. Yuda hakuburutwa. Mathayo 26:15 inatuonyesha akienda mwenyewe kwa wakuu wa makuhani kuuliza watampa nini. Wakampimia vipande 30 vya fedha. Ukisoma Kutoka 21:32 utaona hicho ndicho kiasi kilicholipwa mtumwa wa mtu akiuawa na ng'ombe mwenye kupiga pembe. Na angalia mpangilio wa sura ile ya Mathayo: wakuu walikuwa wameshakaa na kuamua kumwua Yesu, mstari wa 3 hadi wa 5, kabla Yuda hajabisha hodi. Yesu alikuwa akifundisha hekaluni mchana kweupe. Kwa hivyo usiniambie bila Yuda hatungeokoka. Yuda hakumletea Mungu kitu ambacho Mungu alikikosa. Aliwaletea wakubwa njia ya mkato ya kumkamata usiku, kwa sababu waliogopa makutano.

Kayafa naye. Katika Yohana 11 baraza lina wasiwasi kwamba Warumi watakuja wawanyang'anye mahali pao na taifa lao. Kayafa, kuhani mkuu, anasema ni afadhali mtu mmoja afe kwa ajili ya watu. Yohana anatueleza kwamba hapo alitabiri bila kujua. Unaona, wapendwa? Ni maneno yaleyale, lakini kuna makusudi mawili ndani yake. Kayafa alimaanisha, "Tumtoe huyu mmoja ili viti vyetu vibaki." Mungu alimaanisha kwamba Mmoja atakufa ili waliopotea wakusanywe wawe kitu kimoja. Makusudi hayo mawili yalikutana katika sentensi moja, na baadaye katika mti mmoja, lakini hayakuwa kusudi moja. Kayafa atahukumiwa kwa lile lililokuwa moyoni mwake.

Halafu Pilato. Huyu si mtu wa hadithi. Alitawala Yudea kuanzia mwaka wa 26 hadi 36, na mwaka wa 1961 wachimbaji wa mambo ya kale walipata huko Kaisaria jiwe lenye jina lake. Luka 23 inaonyesha alisema mara tatu kwamba haoni kosa kwa mtu huyu. Mke wake alimtumia ujumbe kumwonya. Alijua kabisa. Lakini alipoambiwa kwamba akimwachilia Yesu yeye si rafiki wa Kaisari, alifikiria kazi yake. Akaitisha maji, akanawa mbele ya watu. Sisi Wakenya tunamfahamu mkubwa wa namna hiyo, yule anayeweka sahihi kisha anasema, "Mimi sina ubaya na mtu, amri ilitoka juu." Maji ya bakuli hayafuti sahihi.

Hata askari, chini ya msalaba, walipiga kura wapate vazi. Hakuna aliyesukumwa afanye jambo ambalo moyo wake haukulitaka. Pesa, kiti, kazi, nguo: kila mmoja alichukua njia ya haja yake mwenyewe.

Chukua mfano wa nyumbani. Mwizi ameiba ng'ombe wako wa pekee. Kwa shida hiyo unahamia mjini, unapata kibarua, kibarua kinakuwa biashara, na baada ya miaka 10 umejenga. Utamshukuru Mungu, na ni haki yako kumshukuru. Lakini je, utampelekea mwizi asante? Mungu alikutoa katika shimo, na aliyekutia humo bado ana deni la ng'ombe.

Je, Mungu alimpangia nani maumivu?

Sasa kuna swali gumu zaidi. Wengine wanasema, sawa, watu walikuwa wabaya, lakini huyu ni Mungu wa namna gani anayepanga mtu ateswe hivyo?

Kwanza tukumbuke msalaba ulikuwa kitu gani. Sisi tumezoea kuuona mkufuni na juu ya mnara wa kanisa. Kwa Warumi ulikuwa chombo cha kutisha watumwa na waasi. Mwaka wa 71 kabla ya Kristo, baada ya kushinda maasi ya watumwa walioongozwa na Spartacus, waliwasulubisha watu 6,000 kando ya barabara ya kwenda Rumi, ili kila apitaye aone. Hapa kwetu, wakati wa hali ya hatari, wakoloni waliwanyonga Waafrika zaidi ya 1,000, na Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Fikiria kitanzi kile. Kuna mtu angekivaa shingoni kama pambo? Msalaba ulikuwa hivyo, na kwa Myahudi ulizidi, maana Kumbukumbu la Torati 21:23 inasema aliyetundikwa mtini amelaaniwa.

Basi Mungu alimpangia nani mahali hapo? Alijipangia mwenyewe. Yesu anasema katika Yohana 10:18 kwamba hakuna anayemwondolea uhai wake, anautoa mwenyewe. Paulo anasema katika 2 Wakorintho 5:19 kwamba Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Baba hakumshika mtoto wa mwingine akamtoa kafara ili yeye afaidike. Baba na Mwana walikubaliana, na aliyelipa gharama ni Mungu.

Kwa nini gharama? Fikiria hakimu anayewaachilia wezi wote kwa sababu ana moyo laini. Wezi watamwita mwema. Lakini waulize walioibiwa. Kama Mungu angesema tu, "Yamepita, sahauni," angekuwa amewaambia wote walioonewa tangu Habili kwamba damu yao ni kitu kidogo. Kwa upande mwingine, kama angetuhukumu sawasawa na matendo yetu, nani angesimama? Ndiyo maana Warumi 3:25-26 inasema kwamba pale msalabani Mungu alionyesha haki yake, ili yeye awe mwenye haki na pia awahesabie haki wamwaminio Yesu. Dhambi iliitwa dhambi na hukumu yake ikatolewa, na Hakimu mwenyewe akashuka kizimbani akaichukua.

Ukielewa hapo, utaona jinsi tunavyougeuza msalaba. Mungu alipanga kuubeba uovu wa wengine mabegani mwake. Mwenye nguvu anayemwambia mnyonge, "Beba msalaba wako, vumilia, ni mpango," huku yeye ndiye aliyeshika nyundo, huyo amesimama mahali pa Kayafa akidhani amesimama mahali pa Mungu.

Siku ya tatu hukumu ilitenguliwa

Turudi kwa Petro. Baada ya mstari wa 23 unakuja wa 24: ninyi mlimwua, lakini Mungu alimfufua. Hiyo "lakini" imebeba injili yote.

Ninyi mnajua mambo ya mahakama. Mtu akihukumiwa bila haki katika mahakama ya chini, hukata rufaa. Baraza lilimhukumu Yesu kwamba amekufuru. Mahakama ya Pilato ikamtoa asulubiwe na kuandika shtaka juu ya kichwa chake. Kesi ikafungwa, jiwe likatiwa muhuri. Siku ya tatu Mungu alisoma uamuzi wake: hukumu ile ilikuwa ya uongo, huyu ni Mwanangu, atoke. Kama Mungu angependezwa na lile walilotenda, angemwacha kaburini. Kufufuka kwa Yesu ni Mungu akisema ndiyo kwa Mwana wake, na hapana kwa waliomtendea vile.

Kwa hivyo, mpendwa, shika tofauti hii maisha yako yote. Mungu anaweza kulitumia jambo ambalo analichukia. Kulitumia si kulikubali. Msalaba ndipo alipolitumia kuliko mahali pengine popote, na ufufuo ndipo alipolikataa kuliko mahali pengine popote.

Nani ana ruhusa ya kusema "Mungu alikusudia mema"?

Yusufu aliuzwa na ndugu zake akiwa na miaka 17. Alisimama mbele ya Farao akiwa na 30. Ikapita miaka 7 ya shibe, na miwili ya njaa, ndipo akajitambulisha kwao, na hapo ndipo alipowaambia kwamba Mungu ndiye aliyemtanguliza ili kuokoa maisha. Hesabu: ni kama miaka 22. Na baba yao alipokufa, katika Mwanzo 50:20, alirudia neno hilo. Lakini angalia alianza na nini. Alianza kwa kusema kwamba wao walimkusudia mabaya. Hakulificha. Baada ya hapo ndipo akasema Mungu aliligeuza likawa jema.

Na angalia ni nani aliyesema. Ni yule aliyetupwa shimoni. Ndugu zake hawakuthubutu kusema, "Yusufu, usilie, si umekuwa mkubwa Misri kwa ajili yetu?" Wao walianguka chini wakaomba msamaha. Neno lile likitoka kwa aliyeumizwa, kwa wakati wake, ni imani. Likitoka kwa aliyeumiza ni ujanja, na Paulo amelikataa katika Warumi 3:8, pale anapowakemea wanaosema tufanye mabaya ili mema yaje.

Na sisi tulio katikati, tunaokwenda matangani na sukari na majani chai, tufanyeje? Kusudi la msalaba lilitabiriwa na manabii, na Mungu mwenyewe akalifafanua. Ajali ya juzi barabarani hajatufafanulia. Anayesema kwa uhakika, "Mungu alimchukua mtoto huyu kwa sababu hii na hii," anatoa unabii ambao hakutumwa. Yesu alipofika kaburini kwa Lazaro alijua anakwenda kumfufua, na bado alilia, Yohana 11:35. Kama yeye aliyeujua mpango wote alilia, wewe usiyeujua usimkataze mama kulia. Keti naye. Na dereva mlevi ashtakiwe.

Kwa mjane: kusamehe ni agizo la Bwana, hatutalipunguza. Lakini Yesu alipowaombea msamaha waliomsulubisha, hakusema hawajakosa. Huwezi kusamehe asiyekosa. Msamaha wenyewe unataja kosa. Unaweza kumwondoa shemeji moyoni mwako usimchukie, na bado ukaenda kwa chifu, kwa ofisi ya ardhi, na mahakamani. Sheria ya urithi ya Kenya inamtambua mjane. Paulo alipoonewa hakuona aibu kukata rufaa kwa Kaisari, Matendo 25:11. Na sisi kanisa tusimwachie aende peke yake. Wazee wamsindikize.

Kwa aliyekula pesa za chama: ushuhuda wako bado haujaisha. Zakayo alipookoka alihesabu na kurudisha. Rudisha kwanza, kisha shika maikrofoni, tutakuitikia amina kwa nguvu.

Mlango kwa wenye mikono michafu

Mtu atauliza, sasa kama waliomwua Yesu walikuwa na hatia kamili, hawana tumaini? Soma mpaka mwisho. Watu walichomwa mioyo wakauliza wafanye nini. Petro akawaambia watubu, wakabatizwe. Siku ile wakaongezeka watu wapata 3,000. Baadhi ya mikono iliyoingia katika maji yale ilikuwa mikono iliyonyoshwa mbele ya Pilato.

Hapa ndipo utaona kwa nini Petro alihitaji kusema yote mawili. Kama hawakuwa na hatia, wangetubu nini? Na kama msalaba haukuwa mpango wa Mungu, wangeoshwa na nini? Ondoa nusu ya kwanza ya Matendo 2:23, unabaki na wauaji wasio na Mwokozi. Ondoa nusu ya pili, unabaki na Mwokozi ambaye hakuna anayemhitaji. Tukizishika zote mbili, hata aliyemwaga damu ile anaweza kuoshwa nayo.

Yuda na Petro wote walianguka usiku uleule. Mmoja alimwuza, mwingine alimkana mara tatu. Yuda alirudisha fedha kwa makuhani, akaungama kwao kwamba amekosa, wakamwambia hayo ni yako mwenyewe. Akaenda akajinyonga. Petro alilia kwa uchungu, na siku ya tatu bado alikuwa pamoja na wenzake, mahali ambapo Bwana angemkuta. Ndugu yangu, dada yangu, kama unasoma haya na wewe ndiwe uliyeshika nyundo katika maisha ya mtu, usijifiche nyuma ya mpango wa Mungu, na pia usijitenge ukafa na hatia yako. Nenda kwa uliyemkosea. Njoo kwa Yesu. Wachungaji wako ofisini kila wiki, na hakuna atakayekufukuza.

Tuombe

Baba, tunakushukuru kwa sababu hukututuma sisi kubeba kile ambacho wewe hukukubali kubeba. Utusamehe pale tulipotumia jina lako kuwanyamazisha walioumizwa. Wape wanaolia wiki hii watu wa kuketi nao. Wape walioonewa haki yao. Wape walioonea ujasiri wa kurudisha na kutubu. Na sisi sote utusogeze karibu na msalaba, tuone dhambi yetu jinsi ilivyo na upendo wako jinsi ulivyo. Katika jina la Yesu Kristo, aliyekufa na kufufuka. Amina.